Mke wangu anawaambia watu niko likizo

Shangazi, assalamu alaykum.

Nakuandikia saa tisa na nusu usiku, nimekaa ukumbini, taa nimezima nisiamshe watu. Tangu saa tano nilikuwa najigeuza kitandani. Mama watoto amelala, au anajifanya amelala, siku hizi sijui tena. Wewe maisha ya huku kwetu unayajua, kwa hiyo sitakuchosha kwa maelezo. Kuna neno moja tu linanichoma, na neno lenyewe ni likizo.

Jana baada ya magharibi walikuja watu watatu kuchangisha harusi. Mie nilikuwa chumbani nakunja nguo za watoto. Nikamsikia mlangoni anawaambia, "Yupo ndani, yuko likizo." Mara ya nne hiyo nasikia kwa masikio yangu. Alisema kwa mama yake kwenye simu. Alisema kwa jirani, siku ya kupeleka mahari ya binti yao. Alisema kwa mwalimu mwenzake njiani, na mie nimesimama hapo hapo na kikapu cha samaki mkononi, nikabaki kuchekacheka kama mtoto anayesemewa na mkubwa.

Shangazi, mie siko likizo. Nimeacha kazi. Barua niliandika kwa mkono wangu, notisi ya siku 28 niliitumikia mpaka siku ya mwisho kama sheria inavyotaka, funguo za kabati na muhuri nikakabidhi, nikatoka. Leo ni wiki ya sita. Sikufukuzwa, sikuiba, sikugombana na mtu. Nataka hilo ulishike, maana mume akiwa nyumbani saa nne asubuhi hapa Ngamiani watu wanaanza kuhesabu yao.

Na neno lenyewe basi angechagua jingine. Nilikaa ofisi ile miaka 12, na likizo ndicho kitu ambacho sikukipata. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Kila mwisho wa mwaka nililetewa fomu, naambiwa, "Saini tu, siku zako utazichukua mambo yakitulia." Nasaini. Kesho yake saa moja na nusu niko mezani kama kawaida. Mama watoto alizijua fomu hizo. Mwaka mmoja tulipanga twende Lushoto na watoto wakaone baridi, nguo zikawekwa kwenye begi, begi likakaa wiki mbili pembeni ya kitanda mpaka akalifungua mwenyewe akarudisha nguo kabatini. Hakusema neno. Leo yeye yule anawaambia watu niko likizo!

Siku ya kuondoka nilipoulizia hizo siku zangu nilionyeshwa fomu zote, saini yangu iko chini. Sina cha kudai.

Kazi yetu ilikuwa kutoa mizigo ya watu bandarini. Miaka ya nyuma meli zilikuwa zinatia nanga kule mbali na mizigo inaletwa na matishari, kazi ilikwenda polepole, mtu unapata kuvuta pumzi. Tangu bandari ilipochimbwa, kina kikafika mita 13 na gati likaboreshwa, meli zinafunga hapo hapo gatini. Ni neema kwa Tanga, sipingi, nami nilifurahi kama wenzangu. Lakini ofisini kwetu mizigo iliongezeka, watu hawakuongezwa. Kwenye nyaraka tulikuwa watatu, mmoja akahamia Dar es Salaam, tukabaki wawili. Mzigo ukichelewa kutoka unahesabiwa tozo, mteja anapiga simu, bosi anakufokea mbele ya mteja huyo huyo. Ramadhani nilifuturu kwa maji na tende juu ya kiti cha ofisi. Saa sita usiku kundi la WhatsApp linaita. Haya yote nilivumilia, na ningeendelea kuvumilia, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimekimbia kazi ngumu.

Baba alipofariki nilipewa siku nne. Ndizo za kisheria, hapo sikuonewa. Ila siku ya tatu, tuko kwenye khitma, simu ikaita juu ya kontena la mtu. Nikainuka na juzuu yangu mkononi, nikaenda kusimama chini ya mwembe, nikawa namsomea kijana namba za nyaraka. Ami yangu alikuwa amekaa ananitazama. Mpaka leo hajaniambia kitu.

Kilichonitoa hasa ni kitu kingine, na ndicho ambacho mama watoto anakiita kisingizio. Nilikuwa na rafiki, tumesoma pamoja, tumefundishana kuogelea kule Raskazone. Kwake na kwangu ni barabara tatu tu. Mwezi wa pili mwaka huu nikakutana na mkewe soko la Mgandini. Nikamsalimu kwa furaha, nikamuuliza, "Shemeji, huyu bwana wako vipi, mbona kanitupa?" Akaweka kapu chini. Akasema, "Shemeji, kwani hukupata habari? Mimi nimetoka eda juzi." Eda, Shangazi. Miezi 4 na siku 10. Mtu kafa, kazikwa, kasomewa, barabara tatu kutoka kwangu, na mie namuulizia mkewe sokoni. Nilitangaziwa, naambiwa. Ujumbe ulikuja kwenye simu, ukazama katikati ya ujumbe wa makontena.

Usiku ule nikaandika barua ya kuacha kazi. Sikumshauri mtu. Nakubali hapo nilikosea, mke anashauriwa. Lakini ningemshauri ningeiandika?

Sasa nikwambie nimefanya nini wiki hizi sita, maana yeye anasema nimekaa bure. Nina daftari. Nimeandika humo kila mtu ninayedaiwa: niliyetakiwa kumhani nisiende, aliyelazwa nisimtazame, aliyezaa, aliyeozesha. Taazia peke yake zilikuwa 11. Kila asubuhi nachukua baiskeli, naanza Chumbageni, Makorora, Msambweni, nakwenda mpaka Sahare. Nafika kwa mtu, nabisha hodi, nasema nimekuja kuwapa pole, nimechelewa, nisameheni. Wengine msiba una miaka miwili. Kwa shemeji yule nilikwenda mwanzo kabisa, nikashindwa kusema, akanipa kiti na chai, akaniletea mkanda wa marehemu, akasema alisema upewe. Hakika alisema hivyo au ananifariji tu, sijui. Nauvaa.

Nilipanda basi nikaenda Pangani kwa mama mkubwa. Nilikuwa sijamwona tangu kuzikwa kwa baba. Macho yamepungua, akanishika uso kwa mikono miwili akanitaja jina la baba yangu. Akanipikia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Nililala huko siku mbili, nikamzibia makuti jikoni. Niliporudi mama watoto akaniuliza, "Umeleta nini?" Nilileta nazi tano na habari za watu. Akazipokea nazi.

Yeye si mwanamke mbaya, usije ukamwandikia maneno makali. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mshahara wake una makato ya mkopo, na wiki hizi sita nyumba anaibeba yeye. Hajanilaza njaa, hajaninyima maji ya kuoga. Anasema ningesubiri wanipunguze wenyewe. Nami nimekwenda kuuliza, ni kweli: kiinua mgongo cha sheria ni cha aliyeachishwa, si cha aliyeacha, na hilo fao la kukosa ajira halimtazami aliyetoka kwa hiari yake. Kwa hesabu yuko sawa. Tena kuna kikoba chao. Boma letu la Pongwe limefika lenta, na zamu yake ya kukopa pesa za mabati ni mwezi ujao. Wenzake wakijua mume hana mshahara hawatamdhamini. Ndiyo sababu anasema likizo. Hakunieleza, nimeunganisha mwenyewe.

Sababu naijua, basi kwa nini inaniuma vile vile? Kwa sababu angeniambia! Angeniita chumbani akasema, "Baba fulani, kwa ajili ya kikoba nitasema hivi, nivumilie." Ningekubali. Anachofanya ni kunifunika kama chombo kilichopasuka wageni wanapokuja.

Kuna jambo nilitaka nisiliandike, lakini utalijua tu. Mama yangu mzazi mie nilimwambia niko likizo. Wiki ile ya kwanza nilikwenda kumsalimia asubuhi, akashtuka, "Mbona saa hizi?" Nikasema, "Nimepewa likizo, mama." Akafurahi, akashukuru Mungu, akasema bosi wangu ana utu. Moyo wake una maradhi ya presha, nisingeweza kumtupia habari vile. Kwangu ilikuwa kumhurumia mgonjwa. Kwa hiyo usiseme ni yale yale.

Mama watoto alikuwepo siku hiyo. Hakunisahihisha. Pengine alilichukua hapo neno lenyewe, ndiyo nimeanza kuliwaza usiku huu.

Jumatatu iliyopita bosi alinipigia. Aliyewekwa badala yangu kashindwa, mzigo mmoja umeingizwa kwa makaratasi ya mwingine, wateja wanaulizia mimi niko wapi. Akasema nirudi, ataniongeza laki moja, na habari ya likizo tutaizungumza. Nilitaka kusema hapana. Nikasema nitafikiri. Amenipa mpaka Jumatatu hii, na leo kunakucha Ijumaa. Nikwambie kweli, nilipokata simu nilisikia raha, mwili mzima. Miaka 12 hajanitamkia neno jema, siku ile akaniambia, "Bila wewe hapa hapaendi." Sitarudi, nimeshaapa. Lakini kila asubuhi nikitoka na baiskeli napita mtaa ule wa ofisi, ingawa si njia ya Makorora wala ya Chumbageni. Natazama tu kama gari la bosi lipo, halafu naendelea na safari yangu.

Simu hiyo sijamwambia mama watoto. Nikimwambia najua atakachosema. Atasema, "Basi likizo imekwisha." Wallahi nikilisikia hilo kutoka kinywani mwake sijui nitafanya nini. Hivyo nimenyamaza, na kila siku nikinyamaza naona ndiyo nazidi kumfanyia lile lile ninalomlaumu. Halafu namkumbuka pale mlangoni, "Yupo ndani, yuko likizo," hasira zinarudi upya.

Kilichonitoa kitandani hasa ni binti yetu. Ana miaka 9. Nilikuwa sijui kama amehitimu Juzuu Amma. Nilijua wiki ya pili nyumbani, nikimsikia anasoma akifua soksi zake, sura baada ya sura, hakwami, nikasimama nyuma ya mlango mpaka akamaliza. Sasa jioni nampeleka chuoni kwa baiskeli, anakaa nyuma anasoma njia nzima na mie nasikiliza. Jana, wageni wa harusi walipoondoka, akaja akakaa pembeni yangu kwenye zile nguo. "Baba, likizo yako inaisha lini?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema Jumamosi ya wiki ijayo wanahitimisha, na ustadhi kawaambia kila mtoto aje na mzazi, yeye anataka ajue amwandikishe mama au baba.

Nikamwambia, "Haijaisha, mwanangu. Niandikishe mimi."

Nimelitamka kwa kinywa changu. Nalo ndilo nililolala nalo.

Sasa Shangazi, nieleze. Nimwendeeje mama watoto nimwambie aache kulisema neno hili, naye asinigeuzie la mama yangu, na hili la mtoto? Na simu ya bosi nimwambie kabla ya Jumatatu, au nimjibu bosi kwanza, hapana au ndiyo, halafu ndiyo niseme? Usiniambie nirudi. Ila kama unaona nirudi, sema, nitasoma. Laki moja ni mabati mangapi, nishaanza kupiga hesabu nyuma ya daftari lile lile la taazia, na taazia tatu bado sijazimaliza. Moja iko Muheza, ya mama wa kijana tuliyekuwa naye ofisini. Nilitaka niende leo baada ya Ijumaa.

Jina langu usilitoe. Na ukiweza nijibu kabla ya Jumatatu. Adhana ya alfajiri inakaribia, nasikia anaamka, anatafuta kandambili gizani. Naacha hapa.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga