Anayewarudisha wageni kutoka korongoni asinyimwe ujira wake

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, vikundi vya vijana wa makanisa, wanafunzi wa vyuo na jamaa wenye watoto hupanga safari za kutembea kwa miguu na kupiga kambi katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mimi pia huwapeleka huko vijana wa mtaani kwetu, na naomba nafasi katika gazeti lako nieleze hatari moja ambayo wengi huilipia kiingilio bila kuijua.

Mbuga hii ni mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga, na wengi hawaridhiki mpaka washuke katika korongo la Ol Njorowa, ambalo zamani za kale lilipitisha maji ya Ziwa Naivasha wakati ziwa hilo lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Maji yameichimba miamba yake laini ya volkano hata njia ikabana, mahali pengine watu wakipita mmoja mmoja. Mvua ikinyesha kwenye miinuko ya mbali, mafuriko huteremka humo kwa ghafla, na aliye chini, ambaye huona ukanda mwembamba tu wa anga, huenda asijue lolote hadi maji yamfikie. Aprili 2012, watu saba wa kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Nairobi walifia humo. Septemba 2019, mwezi usiokuwa wa masika wala wa vuli, watu wengine saba walisombwa.

Safari yetu ya mwisho, mwongozaji alitutoa korongoni kabla hatujafika nusu ya njia, kwa kuwa aliona wingu zito upande wa milima, ingawa sisi tulikuwa tunachomwa na jua. Vijana walinung'unika sana. Tulimlipa ujira wake wote, naye akatueleza kwamba baadhi ya wageni, wakirudishwa hivyo, hudai pesa zao, na kwamba siku hiyo yeye hurudi nyumbani mikono mitupu.

Jambo hili limeniuma tangu hapo. Mtu tunayemtegemea aone hatari ambayo sisi hatuioni hapaswi kuchagua kati ya uhai wetu na chakula cha watoto wake. Nawasihi wasimamizi wa mbuga watangaze langoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba uamuzi wa mwongozaji wa kukatiza safari haupingwi na kwamba malipo yake hayarudishwi, na askari wa mbuga wapewe simu za upepo za kupokea habari za mvua kutoka miinukoni. Nasi tunaoongoza vikundi tuwaeleze vijana wetu masharti hayo kabla hata ya kukodi basi.

Msomaji wako,
Nakuru