Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mageti, fensi na bustani zetu za nyuma

Ndugu wanachama, wazee shikamooni, vijana habari zenu, na wote mliolipa ada mapema asanteni sana.

Mwaka huu sianzi na hesabu, mweka hazina atawasomea mwenyewe na karatasi zake ziko sawa. Taa za ngazi zimetengenezwa, hilo limeisha. Nataka tuongelee bustani za nyuma maana hizo ndo zimetuchosha mwaka mzima, kamati inapigiwa simu usiku, watu waliokuwa wanapelekeana sahani za pilau siku ya Idi sasa wanapishana kwenye ngazi bila hata salamu, na mimi kwa kweli inaniuma.

Chanzo chake kiko wazi. Flati zetu mnazijua, wa chini anafungua mlango yuko bustanini, wa juu kipande chake kiko nyuma kabisa na ili akifikie lazima apite kichochoro cha pembeni halafu akatishe kwenye kipande cha wa chini. Zamani wote walikuwa wapangaji wa kaunsili, yaani halmashauri ya hapa kwetu Uingereza, ofisa anakuja anaonyesha kwa kidole, wewe hapa na wewe pale, basi. Ikaja sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua, wengine wakanunua, wengine wakabaki kupanga, na baadhi ya walionunua wakauza na aliyenunua naye akapangisha, kwa hiyo leo kwenye ngazi moja unamkuta mtu ana lisi, yaani mkataba wa muda mrefu wa flati aliyonunua, yenye ramani na mstari mwekundu wa mpaka, na jirani yake ana mkataba wa upangaji ulioandikwa "bustani" tu bila kusema ni ipi. Hapo hapo fensi za mbao zimeoza na upepo umezimaliza, nguzo zilikuwa wapi hakuna anayekumbuka.

Kesi iliyotuumiza kichwa zaidi ni ya kufuli. Mama mmoja wa ghorofa ya juu katoka kazini anafuata nguo zake kwenye kamba, mvua ishaanza, anakuta geti lina kufuli jipya. Kagonga dirisha, hakufunguliwa, nguo zikalala nje. Sasa kabla hamjamhukumu wa chini, naye ana yake: watoto wake wadogo wanacheza pale, geti lilikuwa linaachwa wazi, na mapipa ya taka yalikuwa yanaburutwa chini ya dirisha la jiko lake yanamwaga maji machafu. Tuliwakalisha nyumbani kwa katibu, kila mtu na karatasi yake. Lisi ya wa chini tukaisoma yote, na ndani huko, mbali na ile ramani, kuna kifungu kinasema wa juu ana haki ya kupita kwa miguu kwenda na kurudi muda wote. Yule bwana alikuwa anaijua ramani tu, kile kifungu hakuna aliyewahi kumsomea. Kufuli likabaki, ufunguo wa pili ukatoka siku ile ile, mapipa yakakubaliwa kupita siku ya gari la taka peke yake.

Naomba hili tulishike jamani, ardhi kuwa yako ni jambo moja na mwenzio kuwa na haki ya kupita ni jambo lingine, yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Na kichochoro kile ndo njia yetu ya kutokea nyuma moto ukiwaka. Baada ya ule moto wa jengo la flati la Grenfell Tower kule London, Juni 2017, watu 72 walivyopoteza maisha, sitaki kuona baiskeli na makochi mabovu yamerundikwa pale.

Kuna na wale wanaogombea shubiri moja ya ardhi kwa sababu ya mche wa boga uliotambaa ukavuka kamba. Mmoja kalipa pauni 7 kachukua ramani Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili ardhi, akidhani ugomvi umeisha, haujaisha. Ramani zile mjini kawaida ni skeli ya 1:1250, yaani milimita moja kwenye karatasi ni mita moja na robo pale nje, unene wa mstari wenyewe unameza shubiri yako yote! Tena sheria yenyewe inasema mstari ule unaonyesha mpaka kwa ujumla tu. Na ile habari kwamba fensi ya kushoto ndo yako, hakuna sheria hiyo Uingereza, nimeisikia kwa watu wengi mno. Angalia karatasi zako, kama kwenye ramani kuna alama ya T upande wako mara nyingi maana yake fensi ni jukumu lako.

Wengine mmetajiwa sheria ya 1992 ya kuingia kwa jirani. Ile ni ya mtu anayehitaji kuingia kwa mwenzie kutengeneza nyumba yake na akakataliwa, anaomba amri mahakamani. Haihusu kupita kila siku kwenda kuanika nguo. Na mpangaji usijenge fensi wala banda bila ruhusa ya maandishi ya kaunsili, na ya jirani usiing'oe hata kama una uhakika iko kwako.

Sasa kaunsili. Tumewaandikia, wakajibu huu ni ugomvi wa majirani mkamalizane wenyewe. Mimi hilo sikubaliani nalo kabisa. Ardhi ni yao, lisi waliandika wao, mikataba isiyo na ramani wametoa wao, halafu watu wakigombana wanaambiwa mkamalizane! Wanatakiwa kujibu malalamiko ndani ya siku 10 za kazi baada ya kuyapokea rasmi, usiporidhika unapeleka hatua ya pili ambayo ni siku 20 za kazi, na baada ya hapo unakwenda kwa Housing Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko ya nyumba, bila kulipa hata senti. Yeye hatamhukumu jirani yako, ila ataangalia kaunsili ilishughulikia vipi.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo mawili mpige kura. Kwanza kila geti lenye kufuli kwenye njia ya pamoja, kila flati inayopita hapo iwe na ufunguo wake. Pili tuandike malalamiko ya pamoja, wenye lisi na wapangaji kwenye barua moja, tudai kaunsili ije ipime na kuweka vigingi na kila mpangaji apewe ramani ya kipande chake. Wenye lisi njooni na kopi nzima siyo ramani peke yake, wapangaji leteni mikataba yenu, na mwenye picha za zamani za bustani ambazo fensi inaonekana, hata iwe picha ya besdei ya mtoto, aje nayo.