Mahafali yasitangulie cheti cha kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu maandalizi ya wahitimu wa kidato cha sita mkoani Mtwara. Mahafali tunayafanya vizuri: turubai, ngoma, keki, zawadi. Lakini kijana akimaliza mtihani wa Mei na kurudi kwao Newala au Tandahimba, hajui aanzie wapi.

Mpwa wangu alitaka kuomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Yeye hata cheti chenyewe hakuwa nacho. Tulihangaika, nauli juu ya nauli, na msimu wa korosho ulikuwa bado mbali, fedha hakuna. Inaniuma kwamba jambo hilo lingeweza kumalizwa akiwa bado shuleni.

Naomba kila shule itenge walau Jumamosi mbili kabla ya mahafali, iwaite maofisa wa RITA na Bodi ya Mikopo, pamoja na walimu wa vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kwa kuwa si kila mhitimu ataingia chuo kikuu. Wazazi nasi tualikwe, maana nyaraka hizo tunazo sisi.

Mzazi,
Newala, Mtwara