Risala ya Wakulima wa Mpunga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Shamba Darasa, Moshi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Afisa Kilimo wa Kata, wanakikundi wenzetu na wageni waalikwa,

Karibu sana shambani. Utuwie radhi kwa viatu vyako. Tope la magadi, yaani udongo wenye chumvi ya sodiamu, likishika haliachii upesi, na ndilo lililotukutanisha leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987, na mpunga ndio uliotusomeshea watoto. Lakini yapo majaruba, vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa matuta, ambayo maji yakikauka, asubuhi unakuta weupe juu ya udongo kama unga uliomwagika. Udongo huo ukilowa unateleza kama sabuni, ukikauka jembe linadunda. Miche michanga ikipandwa humo, ncha za majani zinaungua, na mingi haifiki palizi.

Hapa shamba darasa tumejifunza kwamba chumvi huutesa mpunga zaidi ukiwa mche na unapotoa maua. Hapo katikati, unapochipua, huvumilia. Basi kitalu tunakiweka kwenye udongo mzuri, miche tunaiacha ikomae karibu mwezi mzima, kisha tunapanda mitatu au minne kwa shimo. Kabla ya hapo jaruba tunalijaza maji, tunayatoa, tunalijaza tena. Samadi tunaweka, na mbolea ya kukuzia tumeacha Urea tunatumia SA (salfeti ya amonia), maana kwenye magadi Urea nyingi hupotelea hewani.

Kosa letu tuliseme wenyewe kabla jirani hajalisema. Tulinunua jasi kutoka Makanya, tukaimwaga kwenye jaruba ambalo mfereji wake wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na magugu. Kazi ya jasi ni kuleta kalsiamu ishike nafasi ya sodiamu, halafu maji yaondoke na hiyo sodiamu. Sasa yaondoke kupitia wapi? Msimu uliofuata weupe ulirudi palepale. Jaruba la pili, lenye mfereji wazi, ndilo lile ulilolipita likiwa limeinamisha masuke.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu la kwanza si jasi wala mbolea. Tunaomba eskaveta ya kuzibua mfereji mkuu wa kutolea maji. Mifereji midogo tutachimba wenyewe, majembe tunayo. Pili, udongo upimwe jaruba kwa jaruba, kwani kiasi cha jasi hutokana na kipimo, na sisi mpaka leo tunakisia kwa viroba. Tatu, tuletewe mbegu zinazostahimili chumvi tuzijaribu hapahapa, kando ya mbegu yetu ya SARO 5. SARO 5 tunaipenda, na wanunuzi wanaipenda, ila kwenye majaruba haya inatuangusha.

Tunamshukuru Afisa Kilimo wetu, anayekuja hata siku ambazo pikipiki haina mafuta.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.