Nokia Iliyopanda Siyo Ile Tuliyoiuza

Mwanga, Kigoma
Jumapili, 11 Januari 2026

Ndugu yangu Baba Mwajuma,

Assalaam aleikum. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima kama tulivyo sisi huku, ambako mvua zinanyesha vizuri na Mama anaendelea kupata nafuu baada ya ile homa ya mwezi uliopita. Dagaa niliokuahidi nimempa Shangazi, atakuja nao kwa treni pamoja na barua hii.

Nimeamua kuandika kwa sababu juzi kwenye simu tulikuwa tunakatizana, kila mmoja akitaka kumaliza la kwake, na jambo lenyewe ni zito. Uliniambia umesikia kwamba Nokia imefufuka, kwamba hisa zake zimepanda na matajiri wa Marekani wameweka fedha zao humo, na kwamba kwa hiyo umeshazungumza na SACCOS wakukopeshe milioni 12 ujaze duka simu za Nokia tupu kabla wenzako wa Tabora hawajashtuka. Tangu siku hiyo sijatulia. Habari uliyoisikia ni ya kweli, lakini haihusu simu, na wakala aliyekuletea habari hiyo pamoja na orodha ya bei ama hajui tofauti ama hakutaka wewe uijue.

Kilichotokea ni hiki. Mwishoni mwa Oktoba mwaka jana kampuni ya Nvidia, ile ya Marekani inayotengeneza chipu za kuendeshea akili mnemba, ilitangaza kwamba itanunua hisa za Nokia zenye thamani ya dola bilioni 1, kwa bei ya dola 6.01 kila hisa, na siku hiyohiyo hisa za Nokia zikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Fedha hizo ni za mitambo ya minara na ya mkongo. Nokia ya leo, ambayo hisa zake zinauzwa Helsinki na New York, haitengenezi simu hata moja ya mkononi. Inatengeneza vifaa vinavyofungwa juu ya mnara na vile vinavyopitisha data kwenye mkongo, na ndiyo maana Februari mwaka jana ilikamilisha kuinunua kampuni ya Infinera kwa dola bilioni 2.3, na Aprili ikamweka kiongozi mpya, Justin Hotard, aliyetoka Intel. Mnunuzi wa vitu hivyo ni kampuni ya mtandao wa simu. Hakuna mtu atakayekuja dukani kwako pale karibu na stendi kuulizia mtambo wa mnara.

Sasa simu zenye jina hilo ni za nani? Biashara ya simu iliuzwa kwa Microsoft kwa euro bilioni 5.44, pamoja na leseni ya kutumia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi, katika mkataba uliotangazwa Septemba 2013 na kukamilika Aprili 2014. Julai 2015 Microsoft ikafuta dola bilioni 7.6 kwenye hesabu zake kwa sababu ya biashara hiyo, na kupunguza wafanyakazi 7,800. Mwaka uliofuata ikaiuza sehemu ya simu ndogo kwa dola milioni 350, na kampuni mpya ya Ufini iitwayo HMD ikapewa leseni ya miaka 10 ya kulitumia jina. Tangu 2024 HMD hiyo imeanza kuuza simu kwa jina lake yenyewe. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu: 2016 na miaka 10 inatupeleka wapi? Unataka kukopa mwaka huu ili ununue jina ambalo mwenye kulitumia alilikodi, na ambaye tayari anajenga jina lingine pembeni.

Si kwamba siielewi hamu yako, maana na mimi nilijifunzia kazi kwenye simu hizo. Jumatano alikuja mvuvi mmoja wa Katonga na Nokia 1100 iliyotumbukia ziwani, akaiweka juu ya meza ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni uliojaa maji. Nilizifungua skrubu, nikaisugua bodi kwa spiriti na mswaki laini, nikaianika, na jioni nilipoweka betri nyingine ya BL-5C na kubonyeza kitufe cha C, tochi ikawaka. Mzee huyo alicheka hadi majirani wakaja kuona. Simu hiyo ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na walioibuni walimfikiria mtu wa mahali penye vumbi na giza: vitufe vyake ni kipande kimoja cha mpira kisichopitisha vumbi, na tochi ipo kichwani. Nilipoishika nilikukumbuka wewe na meza yetu ya kwanza pale Ujiji, na nikaelewa kwa nini habari ya kufufuka ilikuingia moyoni haraka hivyo.

Lakini kwa sababu tunaipenda, tusijidanganye kuhusu kilichoiangusha. Najua utampa Mwalimu barua hii, na najua atasema tena kwamba Nokia iliuawa na Stephen Elop, yule Mkanada aliyetoka Microsoft Septemba 2010 kuja kuiongoza Nokia, akaifungamanisha Nokia na Windows, mfumo wa simu wa Microsoft, Februari 2011, kisha 2013 ikauzwa kwa Microsoft hiyohiyo, na yeye akapata kiasi cha euro milioni 18.8. Ukiipanga hadithi namna hiyo inauma, na Wafini wenyewe iliwauma sana, hasa watu wa Salo ambao kiwanda chao kilifungwa 2012. Hata hivyo ugonjwa ulikuwa mwilini kabla ya Elop kuingia. iPhone ilioneshwa Januari 2007, wakati Nokia inauza karibu simu 4 katika kila 10 duniani, na Nokia yenyewe ilikuwa tayari imetoa simu ya kioo cha kugusa, 7710, tangu 2004. Kwa hiyo wajuzi hawakukosekana. Watafiti wawili, Timo Vuori wa Chuo Kikuu cha Aalto na Quy Huy wa chuo cha biashara cha INSEAD, waliwahoji mameneja na mainjinia wa kampuni hiyo, wakakuta kwamba tatizo lilikuwa woga: wakubwa waliwaogopa washindani na wenye hisa, mameneja wa kati waliwaogopa wakubwa, na habari mbaya kuhusu Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu janja za Nokia, hazikuwa zikifika juu zilivyo. Huwezi kumtibu mgonjwa ambaye kila anayempima homa anaandika kwamba hana homa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Mwalimu, ila kuna kosa moja la Elop ambalo mimi kama muuza duka siwezi kumsamehe. Februari 2011 alitangaza hadharani kwamba mfumo wa Symbian hauna mbele, wakati simu ya kwanza ya Windows, Lumia 800, ilitangazwa Oktoba. Wewe ungewaambia wateja wako mwezi wa pili kwamba mzigo ulio kabatini umepitwa, na mzigo mzuri utakuja mwezi wa kumi, ungeuza nini hapo katikati? Tena walioiamini Lumia wakanunua mapema mwaka 2012, wakaambiwa mwaka huohuo kwamba simu zao hazitapokea Windows Phone 8.

Nawe ulisema kwenye simu kwamba wangechukua Android mambo yangekuwa mengine. Pengine wangepumua kidogo. LG walichukua Android, na mwaka 2021 wakaacha kabisa kutengeneza simu. HTC ndio waliotoa simu ya kwanza ya Android mwaka 2008, na leo nitajie mteja mmoja anayeulizia HTC. Samsung alifaulu, ndiyo, lakini Samsung anajitengenezea vioo na kumbukumbu mwenyewe, jambo ambalo Nokia haikuwa nalo.

Mimi na wewe, Baba Mwajuma, tuliliona anguko hilo kutoka mahali ambapo watafiti wa Ulaya hawakukaa. Unakumbuka kazi iliyokuwa ikitulisha mwaka 2008 na 2009? Ilikuwa vishikio vya laini. Mtu ana laini mbili au tatu, na huku Kigoma wengine wana ya Burundi na ya Kongo juu yake, na simu ina nafasi ya laini moja tu, tena chini ya betri. Kila akitaka kubadili laini anafungua mfuniko kwa ukucha, anachomoa betri, anachomeka laini, anawasha simu, anasubiri. Baada ya miezi michache meno ya kishikio yanalegea na anakuja kwetu. Kisha zikaingia simu za Wachina za laini mbili, Tecno zikiwa mbele, na kazi hiyo ikakauka kama kisima cha kiangazi. Nokia ilitangaza simu yake ya laini mbili mwaka 2010, wakati wateja wetu wameshahama. Watu hawakuhama kwa sababu ya Windows wala ya Elop, maana mvuvi wa Katonga hakuwahi kulisikia jina hilo. Walihama kwa sababu ya kishikio cha laini. Leo ukipita hapa Mwanga ukahesabu viswaswadu na simu janja mikononi mwa watu, majina utakayoyakuta mengi ni Tecno, Itel na Infinix, yote ya kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen.

Ndiyo maana narudi kwenye ule mkopo. Sikatazi uuze simu za jina hilo. Kitochi chake bado kina wazee wake, na mimi mwenyewe ninavyo sita kabatini. Ninachokataa ni kuweka rehani hati ya kiwanja cha Ng'ambo, ambacho shemeji alilima viazi ili mkinunue, kwa ajili ya hisa zilizopanda Helsinki kwa sababu ya mitambo ya minara. Hisa zenyewe hazina utulivu: Oktoba 2019 kampuni hiyohiyo ilisimamisha gawio na bei ikaanguka kwa karibu robo kwa siku moja, kisa gharama za 5G zilikuwa zimewaelemea. Ukinunua simu leo, bei ya hisa ikipanda hupati hata senti, na jina likibadilika mzigo unabaki kwako.

Naomba unijibu haya kabla hujasaini popote. Katika daftari lako la mwaka jana, uliuza simu ngapi za jina hilo, na ngapi za majina mengine? Huyo wakala amekuambia nini kuhusu leseni, na je, atakurudishia fedha kwa mzigo usiotoka, au maneno yake yanaishia kwenye risiti? Vioo na betri za hizo simu utavipata wapi zikiharibika? SACCOS wanataka marejesho ya kwanza lini? Na shemeji amelijua jambo hili, au nimelijua mimi kabla yake?

Nitakupigia Ijumaa baada ya swala. Ukimwona fundi wa redio wa Isevya, mwombe anitumie betri 10 za BL-5C zilizo safi, maana huku zimejaa zinazovimba baada ya wiki mbili, na mvuvi wangu nimemuazima ya kwenye redio yangu.

Wako wa siku zote,
Baba Idrisa