Kilomita 390 za Angani Hazimaanishi Dakika 30 za Safari

Lalamiko lililotufikia tena mwezi huu ni kwamba sisi mawakala wa tiketi za ndege hapa Dodoma tunarefusha safari ya kwenda Dar es Salaam ili tuuze tiketi za kuunganisha, yaani tiketi moja ya safari yenye ndege mbili au zaidi, zilizo ghali. Mteja hufungua tovuti ya kupima umbali, akaona kilomita zipatazo 390 kwa mstari ulionyooka na muda usiofika dakika 30, kisha akakuta tiketi yake imeandikwa saa 1 na dakika 10.

Tovuti hugawanya umbali kwa kasi ya jeti iliyokwisha kufika juu, ilhali njia hii huhudumiwa pia na ndege za pangaboi kama Q400, ambazo mwendo wake ni kama kilomita 660 kwa saa. Ratiba nayo huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho ya Dodoma na huacha inaposimama kwenye maegesho ya Dar es Salaam, na kati ya hapo kuna kupanda, kushuka na kungoja zamu ya kutua.

Tusingeandika haya kama hesabu hiyo isingewatia watu hasara. Wapo wanaojikatia tiketi mbili zisizohusiana, moja ya kufika Dar es Salaam na nyingine ya kutoka nje ya nchi, kwa kuwa zikijumlishwa huwa nafuu kuliko tiketi moja tuliyowapa bei. Mfanyabiashara mmoja wa vipuri alifanya hivyo akielekea Dubai. Alitarajia kutua saa 8:40 mchana na kuruka saa 10:35 jioni, lakini ndege inayokuja kukuchukua Dodoma mara nyingi imeshazunguka kwingine tangu asubuhi, na ikichelewa huko huchelewa na huku. Siku hiyo alitua saa 9:20. Alisubiri begi lake Jengo la Pili la uwanja wa ndege, la safari za ndani, akalikokota hadi Jengo la Tatu, la safari za kimataifa, akakuta kaunta imefungwa, kwani kwa safari hizo mashirika mengi huifunga dakika 60 kabla ya kuruka. Shirika la pili halikuwa na wajibu naye: alihesabiwa kuwa hakutokea, akanunua tiketi mpya kwa bei ya siku ile ile, ambayo haina huruma.

Kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, ni kazi ya shirika kukutafutia nafasi nyingine. Hiyo ndiyo tofauti ya bei tunayolaumiwa, na sehemu kubwa ya fedha hizo haibaki kwetu. Kinachobaki ni ada ya huduma, ambayo hatuipunguzi, kwa sababu inamlipa mtu anayelinganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi na kuhakiki uzito wa mzigo kwa kila kipande cha safari.

Abiria wa Mwanza nao hutulalamikia, kwa kuwa mstari ulionyooka kutoka hapa ni kama kilomita 520, lakini siku isiyo na ndege ya moja kwa moja hupitia Dar es Salaam na kuruka zaidi ya kilomita 1,200. (Anayeishia Dar es Salaam tu, mara nyingi tunamwambia apande treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, ingawa hapo hatupati kitu.)

Anayeng'ang'ania tiketi mbili tunamshauri atangulie Dar es Salaam siku moja kabla, na gharama ya kulala aijumlishe kwanza ndipo alinganishe na bei yetu.