Amesema mbele za watu kuwa mimi ndiye niliyemchelewesha kupona

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi usiku na sijafumba jicho. Barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, maana kila nikiisoma naonekana kama mtu asiyefurahi nduguye kupona. Si hivyo. Naomba uniamini hapo kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mdogo wangu ana miezi 14 hajagusa unga, ile heroini. Miezi 14, Shangazi, baada ya miaka 9. Wewe unawajua hawa vijana wetu, umewajibu mama zao wengi, kwa hiyo sina haja ya kukusimulia miaka 9 ya unga inavyoila nyumba. Sasa anakunywa methadoni, ile dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, kila asubuhi mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini. Amenawiri. Watu wananisimamisha njiani kunipa hongera, nami naitikia ahsante. Nikifika nyumbani nakaa kitandani, na lile neno linarudi.

Neno lenyewe ni hili. Alipotimiza mwaka kulikuwa na kikao, wakaitwa wazazi na ndugu, na yeye akasimama kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mnasihi wake. Akamshukuru mwenzake mmoja aliyemtangulia kupona, ambaye alimfuata maskani, kule wanakokaa kuvuta na kujidunga, mara nne mpaka akakubali kwenda kliniki. Kisha akasema, "Dada yangu ananipenda kuliko mtu yeyote, lakini hela zake ndizo zilizonichelewesha. Angeacha kunipa mapema, ningechoka mapema." Watu wakaitikia kwa vichwa, na wengine wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa, nimevaa nguo niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Ndizo zilizonichelewesha.

Nilimpa hela, ndiyo, sikatai. Lakini mbona hakuna aliyeuliza kwa nini nilimpa? Hao wanaosema "usimpe" hawajawahi kulala chumba kimoja na mtu mwenye arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga. Inaanza na miayo, unadhani ana usingizi. Mara makamasi na machozi yanamtiririka kama mwenye mafua, ngozi inamsisimka, jasho na baridi kwa pamoja. Siku ya pili na ya tatu ndiyo inapopamba moto: anatapika, anaharisha, mifupa inamvunjika kwa maumivu, miguu inarusha mateke yenyewe, halali, hakai. Na ananiita kwa lile jina alilokuwa akiniita alipokuwa hajui kutamka vizuri. Ningepata wapi moyo wa kukaza? Sasa hivi najua, wamenifundisha kliniki, kwamba arosto ya unga inatesa sana lakini mtu akiangaliwa vizuri na kupewa maji ya kutosha huvuka, na baada ya wiki hivi mwili hutulia ingawa hamu hubaki. Wakaniambia ya kuogopewa zaidi ni ya pombe, mlevi wa siku nyingi akikata ghafla bila daktari anaweza kupata degedege na kuweweseka hata akafa. Wakati ule nani aliniambia hayo? Nilimwona mtu anakufa mbele yangu, nikafungua mkoba.

Halafu kuna habari ya rafiki yake. Huyo alikaa soba, ile nyumba wanakokaa kuacha dawa, wiki 6, akatoka safi, mama yake akashukuru. Siku moja tu akarudia. Akajipa kipimo kile kile alichokuwa amekizoea, kumbe mwili ulikuwa umeshakisahau, pumzi zikakata. Wakamkuta chooni. Siku tuliyotoka kumzika niliapa moyoni kwamba wangu, kama ni kutumia, atatumia chini ya paa langu ninapomsikia. Nisingeweza kumwachia chooni kwa watu.

Ndipo nikaanza kusimama nje ya mlango wa bafu. Anaingia, nahesabu, namwita jina. Akiitika "naam" ndipo na mimi navuta pumzi. Usiku mmoja hakuitika. Nikavunja komeo kwa bega, mimi huyu unionavyo. Midomo imebadilika rangi, anakoroma vibaya, kwa mbali mbali. Nikamlaza ubavu kama nilivyowahi kumwona mtu mmoja akifanya, nikapiga kelele, jirani akatoa gari. Hospitali wakamchoma ile naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, akafumbua macho. Unajua neno lake la kwanza? Alinitukana, eti nimemharibia. Wakamzuia kitandani wamwangalie, kwa sababu dawa ile huisha nguvu mapema na unga unaweza kubaki mwilini ukamzimisha tena. Nilikesha nimeshika mkono wake na matusi yake.

Hilo la komeo hakulisema kwenye ushuhuda. Aliyevunja mlango na aliyemchelewesha ni mtu mmoja, lakini watu wamepewa nusu.

Shangazi, kinachonichanganya zaidi ni hiki. Kwenye vikao vya familia mnasihi alitufundisha maneno matatu: ugonjwa huu hukuusababisha wewe, huwezi kuudhibiti wewe, na hutauponya wewe. Akatueleza kuwa maneno hayo yanatoka kwenye vikundi vya ndugu wa walevi, Al-Anon, vilivyoanzia Marekani mwaka 1951, pale wake wa walevi walipoona waume zao wameacha pombe lakini wao wenyewe bado wana majeraha. Siku ile nililia kwa kupoa moyo, nikaona kuna mtu hatimaye amenitua mzigo. Sasa kama sikuusababisha, wala sikuwa na uwezo wa kuuponya, nimewezaje kuuchelewesha? Ama nina mkono katika jambo hili ama sina. Nilimuuliza mnasihi, akasema yote mawili yanaweza kuwa kweli. Nikaondoka. Tangu siku hiyo sijarudi kwenye kikao, miezi miwili sasa, na mdogo wangu anadhani ni kazi zimenibana.

Na ni mimi niliyemtetea kwa ile methadoni! Mjomba alikuja juu, kwamba kijana hajaacha chochote, amebadili unga kwa dawa ya serikali. Mimi ndiye niliyesimama kumweleza kwamba ikishapimwa ikamkaa sawa hailewi, inamshika zaidi ya siku nzima ili asipate arosto na akili iweze kufanya kazi, na kwamba kuikatisha mapema ndiko kunakowarudisha wengi. Mjomba mpaka leo hajanisamehe kwa kumjibu. Hilo nalo ni kuchelewesha?

Sitaki aniombe msamaha. Tuelewane hapo. Mtu mzima hawezi kuishi akidai shukrani kwa ndugu wa tumbo moja. Ninachotaka ni asimame tena mbele ya watu wale wale, siyo wengine, aseme na ile sehemu nyingine. Basi. Ingawa najua nikimwomba aseme, halitakuwa tena neno lake. Nimelifikiria hilo usiku kucha.

Sasa anataka kuhama. Amepata chumba, anasema mtu wa umri wake hawezi kuendelea kulala kwa dada, na tena amesema kwa adabu, hakunivunjia heshima. Nikamjibu nenda, mimi mwenyewe nimechoka, nataka siku moja nilale bila kusikiliza mlango. Na ni kweli nimechoka. Lakini tangu aseme sili nikashiba. Bado nasimama nje ya bafu, Shangazi. Miezi 14 na bado nasimama. Wiki iliyopita akasema kutokea ndani, taratibu, "Da, naoga tu." Nikaona aibu, nikajifanya napita kuchukua ufagio.

Kuna jambo jingine dogo. Mwezi uliopita nilimtilia hela kwenye mfuko wa shati. Hakuomba. Sijui kwa nini niliweka, pengine nilitaka tu ajue zipo. Jioni nikazikuta mezani, amezikunja vizuri, akaniambia, "Sihitaji, Da, weka zako." Ungetegemea nifurahi. Nililia kama nimefiwa. Mnasihi aliwahi kuniuliza, kijana akipona wewe utafanya nini? Nikakasirika, nikaona ni swali la mtu asiyenijua. Na sasa hivi silijui jibu lake.

Nikwambie na hili, kwa sababu bila hili hata ushauri wako utakuwa wa bure. Alipopata kazi, alinikabidhi mwenyewe kadi yake ya benki. Ni yeye, sikumnyang'anya. Alisema, "Nishikie, Da, bado sijiamini na hela mkononi." Unajua siku ya mshahara ilivyo kwa watu wake, hela ikishaingia miguu yenyewe inakumbuka njia ya maskani. Kwa hiyo kila asubuhi nampa nauli na ya chakula, nyingine inabaki kwake, sijawahi kuigusa, Mungu ni shahidi. Wiki tatu zilizopita akaiomba ili alipie chumba.

Nikamwambia imepotea.

Sikupanga. Ilitoka mdomoni tu, na ikishatoka utairudishaje? Iko kwenye mtoto wa meza ya cherehani, chini ya nyuzi. Na yeye akaniamini! Baada ya miaka yote ile ya yeye kuniambia simu imepotea, pete ya mama imepotea, nami najua iko wapi, yeye akaniamini mara moja. Akasema, "Pole, Da, usijisumbue, nitaenda benki kuomba nyingine." Nilitamani anishuku.

Anakwenda benki Jumatatu.

Najua utaniambia nimpe. Lakini fikiria na wewe: chumba peke yake, mshahara mkononi, hakuna mtu wa kugonga mlango. Methadoni kaiweka mwilini, halafu siku moja moyo umevunjika au kaudhiwa kazini, akaongeza unga juu yake, au hata pombe na vidonge vya usingizi, wamesema wenyewe kliniki kwamba hapo ndipo pumzi hushuka na kushuka. Nani atavunja komeo? Na asiponiona kila siku, atamwambia nani kwamba hamu imemjia? Huyo mwenzake wa kumfuata maskani mara nne? Labda ndiyo, labda atamwambia huyo. Wenyewe wanasema wanazungumza kila jioni kwa simu. Mimi haniambii.

Na nikisema ukweli kwamba kadi ninayo, atafanya nini? Atasimama tena mbele za watu. Safari ile alisema nilimchelewesha kwa kumpa hela zangu, safari hii atasema nimemzuilia zake. Nami sitakuwa na arosto ya kujitetea nayo, wala rafiki aliyekufa chooni. Wazo jingine ni kumwambia nimeiokota nyuma ya kabati, yaishe kimya kimya. Nimeshafika mpaka kwenye mtoto wa meza mara mbili usiku huu, nikaishika, nikairudisha.

Lakini asingesema vile, Shangazi. Nisingefika huku kama asingesema vile. Angeweza kuniambia tukiwa wawili, jikoni, ningelia yakaisha. Kwa nini mbele za watu? Miaka 9 siri zake nimezibeba, nilipoulizwa nilisema anaumwa tumbo, ana malaria, amesafiri. Sikumwaibisha hata siku moja. Yeye kwa dakika mbili tu akaniweka wazi nikiwa na nguo mpya.

Nikitulia, kama sasa, najiuliza kama alichosema ni kweli. Si chote, kidogo. Kwamba ule mwaka wa sita, alipokaa siku mbili nzima bila kutumia na kusema mwenyewe twende tukaulize hiyo kliniki, mimi ndiye niliyeona anatetemeka nikamwambia pumzika kwanza, chukua hii, tutakwenda Jumatatu. Jumatatu hiyo ilikuja baada ya miaka miwili na nusu. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Yeye nadhani analikumbuka, ila hakulisema kwenye kikao, aliishia kwenye hela tu. Pengine naye alinisitiri.

Sasa niambie nifanye nini. Nirudi kwenye vikao? Nimwache aende? Nimdai ile nusu ya ushuhuda au niiache? Na hiyo kadi, nimpe nikisema nimeificha au nimpe nikisema nimeiona? Nijibu upesi tafadhali, kabla ya Jumatatu ikiwezekana. Ukiniambia mimi ndiye mwenye makosa nitapokea, lakini usitumie lile neno.

Kumeanza kupambazuka. Ameamka, anajiandaa kuwahi kliniki. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni nilipoanza mstari huu, sasa yamenyamaza na bado hajatoka. Naishia hapa.

Ni mimi,
dada mtu